Upande wa Pili wa Kaseti

Old Moshi, 3 Machi 1996

Utasimama mbele ya okestra! Wewe Eliufoo, mtoto niliyekuzaa hapa hapa mgombani, mbele ya watu wazima na vinanda vyao, Wazungu watupu! Mchungaji amesoma kadi yako leo kanisani baada ya matangazo ya ndoa, na mimi nikajikuta nimesimama wakati hakuna aliyeniambia nisimame.

Haya, sasa salamu. Mwanangu mpenzi, hujambo? Sisi hatujambo, Mungu anatutunza. Dada yako Kindness amejifungua mtoto wa kike, yuko kule kwake Soweto, hapo mjini Moshi, nimemshushia ndizi za supu ya mtori na maziwa. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume, bahati mbaya. Wanunuzi wa kahawa siku hizi wamejaa barabarani, kila mmoja na mizani yake, chama cha ushirika hakiko peke yake tena. Baba yako hamwamini hata mmoja. Anasema mizani yenye haraka ina mambo.

Hilaria wa ng'ambo ya mfereji, Mkatoliki wetu, alikuja jioni kuuliza, maana habari imevuka mpaka kwao. Akasema, "Yuditha, sasa huko mbele anasimama kufanya nini?" Nikamwambia, "Anapiga fidla, wewe! Wale wengine wote wamekaa nyuma kumsindikiza." Mwanawe Denis anawabebea watalii mabegi mlimani, ni kazi nzuri, simdharau, lakini mabegi ni mabegi.

Jambo moja tu limenikera. Mwandiko wa ile kadi ni mbaya. Herufi zimelala huku na huku kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Wewe, ambaye mwalimu mkuu alikuwa anakuita kuandika majina kwenye vyeti! Usiwe umeanza pombe za huko.

Waambie wakurekodi kwenye kaseti. Baba yako anataka kukusikia ukipiga. Anataka mwaka huu huu.

Mama yako,
Yuditha Ndelilio


Leipzig, 31 Machi 1996

Mama mpendwa, shikamoo. Na Baba, shikamoo. Mpe Kindness hongera na umbusu mtoto kwa niaba yangu. Mimi ni mzima. Theluji imeisha, sasa ni mvua nyembamba isiyolowesha mtu wala kumwacha mkavu.

Mwandiko ni wa baridi, Mama. Chumba changu hakina joto la kutosha. Pombe sinywi.

Nataka nieleze vizuri hilo tamasha ili usije ukawaambia watu kitu kingine. Si tamasha la muziki mtupu. Kuna maneno yanayosomwa. Mtunzi mmoja wa zamani wa huku aliandika muziki wa nyuzi uwe unapigwa pamoja na hadithi inayosomwa kwa sauti, lakini hadithi yenyewe ilipotea, yakabaki majani ya muziki tu. Mwalimu wangu ameomba iandikwe hadithi mpya. Msomaji anasoma kipande, anakaa kimya, okestra inapiga. Mahali pengine vinakwenda pamoja. Usiku huo watu watasikia Kiswahili na Kijerumani.

Nimejifunza jambo hapa ambalo ningependa Baba alijue. Mwalimu anasema ukisoma neno "mvua" halafu vinanda vikapiga mvua, umewafanya watu wajinga mara mbili. Muziki usirudie maneno. Useme kile ambacho msomaji amekiacha. Nikisoma mahali ambapo mtu anapanda mlima, vinanda haviendi juu. Vinabaki chini kabisa, na hapo ndipo watu wanaacha kukohoa.

Mama, mbona Baba hakuandika mstari wake chini ya barua? Siku zote huandika: "Pumua kabla ya kuanza." Nilitafuta mpaka nyuma ya karatasi.

Mwanao,
Eliufoo


Old Moshi, 12 Mei 1996

Mwanangu, barua yako imefika ikiwa imelowa, mvua za mwaka huu ni za kubomoa. Barabara ya kutoka mjini imekatika, Mchungaji alipanda kwa miguu na barua za watu ndani ya koti. Sisi wazima. Mtoto wa Kindness anacheka. Kahawa imezaa vizuri.

Nilimsomea baba yako yale ya mvua na mvua. Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema nikuandikie hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie mwalimu wake kwamba mimi nimepiga tarumbeta za kanisa tangu ujana, na mchungaji anapohubiri tarumbeta zinakaa magotini. Hakuna anayesema juu ya mwenzake. Lakini nikipiga wimbo wa maziko, ubeti wa tatu naupiga polepole, kwa sababu maneno ya ubeti wa tatu ni mazito, hata kama siku hiyo hakuna anayeimba. Kwa hiyo maneno yamo ndani ya pumzi. Amuulize mwalimu kama hilo analijua."

Umesikia? Uliza. Halafu uniletee jibu nimtie adabu baba yako.

Mimi kwa maoni yangu, na mimi nimeishia darasa la nne, lakini masikio hayaendi shule: watu wakishakaa kwenye viti wanataka kusikia fidla. Hadithi watasoma nyumbani kwao. Huyo msomaji mpangieni asimame pembeni, asikuzibe. Nimemweleza hivyo Hilaria na yeye amekubali. Alisema, "Kwetu msomaji anasimama kule kwenye mimbari yake, hamgusi mtu wa kinanda." Unaona, hata Wakatoliki wanajua.

Baba yako amepumzika kidogo na bendi. Kifua. Vijana wanapiga bila yeye na wanakosea. Mstari wake sikumpa aandike kwa sababu alikuwa amelala nilipofunga barua. Na leo pia amelala.

Sare tumeshona. Kina mama wote wa mtaa wetu, kitenge cha bluu chenye maua, kwa ajili ya siku ya kusikiliza kaseti yako. Niliwaambia wasinishukuru mimi, wamshukuru Mungu, lakini wananishukuru mimi.

Mama yako


Leipzig, 23 Juni 1996

Mama, shikamoo. Tamasha lilifanyika Jumamosi iliyopita, na kaseti anakuletea dada mmoja shemasi anayekuja huko na wageni wa usharika rafiki. Ataifikisha mkononi mwako.

Nilimuuliza mwalimu swali la Baba. Alisimama, akaenda dirishani. Halafu akasema, "Baba yako angenifundisha mimi." Mwambie Baba hivyo hivyo, usiongeze.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Taa za watu zilizimwa, ikabaki ya jukwaani. Wapigaji walikaa nusu duara. Hadithi niliiandika mimi. Naandika hapa mwanzo wake ili mkisikia msihangaike na kelele za kaseti:

"Kuna mtu anatoka mgombani na tarumbeta ya shaba begani. Viatu vyake amevibeba mkononi, kwa sababu njia ina umande na viatu ni vya kanisani. Hajui kama mtu anamtazama. Anafika kwenye jiwe kubwa, anakaa, anavaa viatu polepole, kwanza cha kushoto. Ndipo anaanza kuwa mtu wa watu wote. Kabla ya hapo alikuwa baba yangu."

Baada ya neno hilo okestra ilipiga muda mrefu bila mtu kusema kitu. Mama mmoja mzee wa mstari wa mbele alivua miwani.

Sasa nakuomba, Mama, na sijawahi kukuomba sana. Isikilizeni nyumbani. Wewe na Baba tu. Usiipeleke kanisani. Baadaye nitakueleza kwa nini.

Je, Baba ameenda kupimwa kile kifua? Mstari wake bado sijauona.

Eliufoo


Old Moshi, 4 Agosti 1996

Eliufoo,

Tumepokea kaseti. Dada shemasi ni mtu mwema, tulimpa asali. Mtoto wa Kindness ameota jino. Kahawa inaanza kuiva. Hizo ndizo salamu, kwa sababu nina jambo.

Niliipeleka kanisani. Ndiyo, nilisoma ulichoandika, mimi si kipofu. Lakini ungefanya nini wewe? Watu wameshashona sare! Nilifikiri unaona haya tu, kama ulivyokuwa ukijificha nyuma ya stoo ukisifiwa. Basi Jumapili ya tarehe 28, baada ya ibada, Mchungaji akaweka redio kaseti kwenye ngazi za madhabahu, watoto wakakalishwa chini, kanisa likajaa. Hilaria alikuja na kukaa mstari wa pili, Mkatoliki kabisa, na leso yake ya safari.

Kaseti ikakohoa, watu wakapiga makofi, halafu ikatoka sauti yako. "Eliufoo huyo!" Wakashangilia. Nikafikiri unasalimia watu kwanza. Ukasoma. Vinanda vikapiga. Nikawaambia waliokuwa karibu, "Sasa anaanza." Ukasoma tena. Vinanda tena, vingi, lakini fidla yako mimi naijua, ile aliyokuachia mama wa Kijerumani pale shuleni, na ile haikuwemo. Upande wa kwanza ukaisha. Nikasema, "Kupiga kuko upande wa pili." Mchungaji akageuza. Ukasoma. Ukasoma mpaka mwisho, watu wa huko wakapiga makofi, kaseti ikaanza kuunguruma tupu, na kanisa zima linasubiri.

Mzee mmoja wa bendi akauliza kwa sauti, "Mama Eliufoo, mtoto amekuwa mhubiri?"

Nikasimama. Nikamwambia, "Kusoma ndiyo kazi kubwa kule! Wale wapigaji ni vibarua wake." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, tena kwa nguvu. Hilaria peke yake hakucheka. Alinichukulia kikapu mpaka nyumbani.

Sasa nisikilize. Yale maneno ni mazuri. Yule mtu mwenye viatu mkononi nilimjua kabla hujamaliza sentensi, na wanawake wengine walimjua pia, wakanitazama. Nilitaka kulia kwa furaha nikakosa nafasi, kwa sababu nilikuwa nasubiri fidla. Umeniibia ile furaha yangu, mwanangu. Umepelekwa huko kupiga. Kwa nini hukupiga? Nijibu mimi mama yako. Usinijibu kama unavyomjibu Mchungaji.

Baba yako hakwenda kanisani. Anasikiliza kaseti kitandani, upande wa kwanza. Anakusalimu.

Mama


Leipzig, 25 Agosti 1996

Mama, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Safari hii sitaisoma tena nikimaliza.

Mkono wangu wa kulia haushiki uta wa fidla. Haushiki hata kijiko vizuri. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, nilipata kibarua kwenye kiwanda kimoja kikubwa cha kufulia ambako mashuka ya mahoteli hupigwa pasi kwa mashine. Kuna magurudumu mawili marefu kama magogo yanayozunguka, shuka linapita katikati. Shuka lilijikunja, nikanyoosha mkono kulinyoosha. Walinitibu vizuri, Mama, sikukosa daktari. Vidole vyote vipo. Lakini viwili vimekufa na kiganja hakikunjiki. Ninakuandikia kwa mkono wa kushoto. Ndiyo mwandiko ulioulalamikia.

Fidla iko ndani ya sanduku lake chini ya kitanda. Sijaifungua tangu wakati huo.

Mwalimu ndiye aliyenitoa kitandani. Alikuja na yale majani ya muziki uliokosa hadithi akasema, "Hapa pana nafasi ya mtu ambaye hatapiga." Nilimchukia wiki nzima. Halafu nikaanza kuandika, na nilipoandika kuhusu Baba nikaona kwamba wakati wapigaji wanasubiri nivute pumzi, na mimi nasubiri wao, ninapiga bado, ila bila mkono. Sijui kama unanielewa. Baba angenielewa. Yeye ndiye niliyemwogopa. Alinifundisha kusoma noti kabla sijajua kusoma alfabeti, akanishika vidole kimoja kimoja. Ningemwandikia nini?

Niliandika "nitasimama mbele ya okestra" kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu nilijua mtafikiri vingine. Nikawaacha mfikiri.

Mwambie wewe, Mama, taratibu, siku akiwa amekula vizuri. Mwambie sijaacha muziki. Na wewe niambie ukweli: Baba yuko kitandani tangu lini? Kwenye barua zako kila siku "amelala."

Eliufoo


Old Moshi, 22 Septemba 1996

Mwanangu Eliufoo,

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye mfereji, sikufika hata nyumbani. Hilaria alinikuta nimekaa kwenye majani. Nilimpa asome mwenyewe. Aliposoma ile sehemu ya magurudumu alijishika mkono wake wa kulia.

Umeniambia nimwambie baba yako taratibu. Sina wa kumwambia. Baba yako alifariki tarehe 16 mwezi wa nane, asubuhi, tukamzika tarehe 20 hapa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, upande wa juu, karibu na mama yake. Ulipokuwa unaandika barua ile alikuwa ameshalala ardhini.

Usitupe karatasi. Soma mpaka mwisho.

Alianza kuumwa tangu Januari. Hospitali walituambia ni kitu kimekaa kwenye pafu na hakitoki. Yeye mwenyewe alinikataza. Alisema, "Mtoto asije akakatiza kazi kwa ajili ya kifua changu." Alipofariki, baba zako wadogo walikaa wakasema usiambiwe mpaka umalize mitihani, na mimi nikakubali. Halafu sikukubali. Nilishuka mjini, nikafika mpaka dirisha la simu pale posta, namba yako ninayo mkononi. Yule binti akaniuliza, "Mama, unapiga wapi?" Nikakosa sauti. Mimi! Nikatoka, nikanunua sukari ya wageni wa msiba, nikapanda nyumbani. Kila siku nikasema kesho.

Sasa nikueleze habari za kaseti. Siku ile nilipotoka kanisani nilimwekea redio karibu na mto. Alisikiliza upande wa kwanza wote amefumba macho. Ulipofika kwenye kiatu cha kushoto aliweka mkono kifuani. Upande ulipoisha akaniuliza, "Mbona hajapiga?" Mimi nilikuwa nimeshasikia upande wa pili mbele ya kanisa zima, nilijua hakuna kitu. Nikamwambia, "Anapiga upande wa pili. Pumzika kwanza." Akasema, "Basi tusimalize haraka. Nirudishie hapo mwanzo."

Kila siku ikawa hivyo. Nirudishie mwanzo. Upande wa pili aliuweka akiba kama mtu anayeacha nyama pembeni ya sahani. Watu wakija kumtazama anawaambia kwa ile sauti yake iliyobaki, "Kijana anapiga upande wa pili." Nami nasimama pale na chai, naitikia, "Ndiyo, anapiga vizuri sana." Niliwaambia hata fidla ilivyolia. Niliisifu, mwanangu, fidla ambayo haikupigwa, wakati wewe uko huko na mkono wako. Siku ya mwisho alitaka igeuzwe. Nikageuza. Sikubonyeza. Nikamwambia umeme umekatika. Akasema hakuna neno, watarudisha.

Hiyo ndiyo habari. Amekufa anakusikia unapiga, na sikuwa na kitu kingine cha kumpa.

Sina hasira na wewe. Nilikuwa nayo kuanzia kwenye mfereji mpaka getini, ikaisha. Hasira iliyobaki ni ya mashuka. Siwezi kutandika kitanda siku hizi bila kulikunjua shuka kwanza na kuliangalia. Ungeniambia Novemba, ningekuja kwa miguu. Ningekukatia nyama, ningekufunga vifungo. Mtu ana mama, halafu anajifundisha kula na mkono wa kushoto peke yake kwenye chumba kisicho na joto! Hilo tutaongea uso kwa uso, na utanyamaza mimi nikiongea.

Sasa mambo yaliyopangwa. Mitihani yako inakwisha Novemba. Nauli usiulize, ukoo umekaa ukachanga. Krismasi kila mtu anapanda nyumbani, wa Dar, wa Arusha, wote, kwa hiyo tumekubaliana ndipo tujengee kaburi na kuweka msalaba. Nimewaambia wazee kwamba wewe utasoma. Mmoja akaleta maneno, "Asome nini, Biblia si ataisoma Mchungaji?" Nikamwambia atasoma aliyoandika kuhusu baba yake, na tarumbeta zitapiga katikati, na anayetaka kujua kwa nini inafanywa hivyo akaulize Leipzig. Vijana wa bendi wameshaanza kufanya mazoezi. Wanaharakisha. Utakuja kuwakemea.

Mkono usiufiche mfukoni. Nitawaambia watu kabla hujafika, mmoja mmoja, ili usije ukaulizwa njiani. Wa kwanza kumwambia alikuwa yule mzee aliyeuliza kama umekuwa mhubiri. Alikaa chini kwenye ukuta wangu akalia kama mtoto. Nikamwacha alie.

Kindness atakupokea kiwanja cha ndege. Hilaria amesema Denis ataacha wageni wake siku hiyo, atakuja kubeba mawe. Mchungaji ameandika kwenye kitabu chake, baba zako wadogo wamekubali, pombe ya mbege itapikwa kwa Hilaria kwa sababu kwangu sina nguvu. Tunakungoja wote hapa, mwanangu, Jumamosi tarehe 28 Desemba, saa nne asubuhi.

Mama yako